Mama Mwenye Virusi na Haki ya Kuamua Juu ya Uzazi Wake

Kama uko jikoni unakanda unga wa mahamri, endelea na kazi yako, lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Kama uko kibandani pale Shimanzi, umezungukwa na mahamali na madereva wa malori wanaongoja chai, unaweza kuipunguza, maana mambo ya leo wengi wetu hupenda kuyasikiliza tukiwa peke yetu. Ingawa, kusema kweli, hata hao wanaume wakisikia hawatadhurika.

Leo nitajibu swali moja tu. Limetoka kwa mama mmoja wa Shimanzi, nami nitalieleza kwa maneno yangu ili mwenyewe asitambulike. Mama huyu ana mtoto mmoja, na sasa ni mja mzito wa miezi mitano. Alipokwenda kliniki alipimwa damu, akaambiwa ana virusi vya ukimwi, akaanzishiwa dawa. Mumewe hajamwambia. Mavyaa wake amejua, kwa sababu alikiona kichupa cha dawa chini ya mto, na neno lake lilikuwa fupi: "Huyu awe ndiye wa mwisho." Lakini lililomtia hofu zaidi ni kwamba mhudumu mmoja alimwambia, kama mzaha, kuwa siku ya kujifungua "tutakufunga kabisa upumzike." Anauliza: je, nina haki ya kukataa kufungwa uzazi? Na nikikataa, nitanyimwa dawa?

Nakujibu mapema, dada yangu, usije ukangoja hadi mwisho wa kipindi na moyo unakudunda. Ndiyo, una haki ya kukataa. Na dawa zako huwezi kunyimwa kwa sababu umekataa. Sasa tukae tuelezane vizuri, kwa sababu haki usiyoijua sababu yake ni rahisi kunyang'anywa.

Tuanze pale alipoanzia yeye, kwenye kipimo. Kila mama mja mzito anayekwenda kliniki hapa Kenya hupewa nafasi ya kupimwa virusi, pamoja na kaswende. Nasema hupewa nafasi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi, iliyopitishwa 2006, inasema mtu hapimwi bila ridhaa yake, na kwamba apewe ushauri nasaha kabla ya kupimwa na baada ya kupata majibu. Sheria hiyo inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi, aolewe, aingie shule au apewe matibabu. Kwa hivyo msimamizi wa ghala anayewaambia akina mama wanaotafuta kibarua wamletee kwanza majibu ya damu hana sheria anayoisimamia. Mimi nakushauri upime, tena upime mapema, na urudie mimba ikiwa kubwa na wakati unanyonyesha, kwa sababu mtu anaweza kuambukizwa baada ya kipimo cha kwanza. Lakini upime ukijua unapimwa nini.

Majibu nayo ni yako. Mhudumu haruhusiwi kumweleza mtu mwingine bila idhini yako, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, kama vile amri ya mahakama. Asimweleze mavyaa wako aliyekusindikiza, wala jirani yako anayefagia pale kliniki. Wala haifai kukuita kwa sauti mbele ya foleni, "Wewe wa dawa zile, pita huku." Hilo la foleni tumelisikia mara nyingi, na wengi hudhani ni ukosefu wa adabu tu. Ni zaidi ya hapo. Ni siri yako imetolewa nje.

Na mume? Hapa pana historia inayofaa kuijua. Sheria hiyo ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 24 kilichomtaka mwenye virusi amjulishe kila mtu aliyeshiriki naye ngono, na kilichoweka adhabu. Kwa kusikia tu, lilikuwa jambo jema. Lakini hebu fikiria ni nani hupimwa kwanza nyumbani. Ni mama, kwa kuwa kliniki ya wajawazito ni yake. Baba huenda hajapimwa hata siku moja. Basi mama ndiye anayekuwa wa kwanza kujua, na kwa hiyo ndiye anayeambiwa kuwa yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Akinyamaza yuko katika hatari ya kushtakiwa, akisema yuko katika hatari ya kupigwa au kufukuzwa. Machi 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikibatilisha kifungu hicho, ikasema maneno yake hayakuwa wazi na kwamba kinakiuka haki ya mtu ya faragha.

Usinielewe vibaya. Kumwambukiza mtu kwa makusudi bado ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia, nayo ni ya 2006. Tena kumwambia mumeo kuna faida kubwa: atapimwa, akiwa na virusi ataanza dawa, na akiwa hana anaweza kupewa dawa ya kinga ya PrEP, ambayo serikali ilianza kuitoa 2017. Ninalosema ni kwamba wakati wa kumwambia na namna ya kumwambia ni uamuzi wako, ukisaidiwa na mshauri. Kuna akina mama waliowaomba waume zao waje kliniki "kupima presha na damu pamoja," wakapimwa wote wawili na kupewa majibu wakiwa wamekaa mbele ya mshauri. Njia hiyo imewafaa wengi, kwa sababu hakuna anayekuwa wa kwanza kushika habari mkononi. Na kama unajua kwamba ukimwambia utapigwa, mwambie mshauri hivyo hivyo kabla ya kumwambia mume.

Sasa twende kwa neno la mavyaa, kwamba huyu awe wa mwisho.

Mama mkwe, kama unasikiliza, sikulaumu. Wewe unakumbuka mambo ambayo mkazamwana wako hayakumbuki. Unakumbuka miaka ambayo mama alikuwa akizaa, mtoto anakonda, mama anakonda, na mtaa mzima unajua bila kuambiwa. Na hofu yako ilikuwa na msingi. Mama mwenye virusi asiyepata matibabu yoyote anaweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa. Katika kila watoto 100 wa akina mama kama hao, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa iliyokuwapo katika vituo vingi ilikuwa kidonge kimoja cha nevirapine ambacho mama alimeza uchungu ukianza, na mtoto akapewa tone lake. Kilisaidia, lakini hakikumkinga mtoto wakati wa kunyonya. Ndipo akina mama wengine wakaambiwa wasinyonyeshe kabisa, wengine wakaambiwa waachishe ghafla mtoto akiwa na miezi sita. Nani katika nyumba ya Kiswahili anaweza kuzaa, akakataa kumpa mwanawe ziwa, na wageni wa arubaini wasiulize kuna nini? Na huyo mtoto wa chupa, kwa maji ya mtungi ambayo hayakuchemshwa, alikuwa akiponea virusi anakufa kwa kuhara.

Jibu la tatizo hilo lilitafutwa sehemu kadhaa za Afrika, na moja ya sehemu hizo ilikuwa hapa Mombasa. Ulikuwa utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, nao ukaitwa kwa Kiswahili: Kesho Bora. Kati ya 2005 na 2008 akina mama wajawazito wenye virusi waliandikishwa Mombasa, Nairobi, Durban na Somkhele kule Afrika Kusini, na Bobo-Dioulasso nchini Burkina Faso. Nusu yao walipewa dawa tatu kwa pamoja tangu mimba ikiwa kubwa, wakaendelea nazo wakati wa kunyonyesha. Nusu ya pili walipewa matibabu ya muda mfupi yaliyokuwa ya kawaida wakati ule. Watoto walipofika umri wa mwaka mmoja wakahesabiwa. Kwa akina mama wa dawa tatu, walioambukizwa walikuwa 5.4 katika kila 100. Kwa wale wengine walikuwa 9.5. Matokeo yakachapishwa 2011.

Mimi hupenda kuikumbusha habari hii kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba dawa hushuka kutoka kwa wazungu kama mvua. Hii ilitokana pia na akina mama wa mji huu, ambao majina yao hatutayajua, waliokubali kuja kliniki na watoto wao mgongoni, kutolewa damu, kurudi, na kutolewa tena.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 2014 Kenya iliamua kwamba kila mama mja mzito au anayenyonyesha aliye na virusi aanzishiwe dawa na aendelee nazo maisha yake yote, bila kungoja kinga yake ya mwili ishuke. Mwaka 2016 uamuzi huo ukawa wa kila mtu mwenye virusi. Dawa hizi haziviui virusi vyote, lakini huvizuia visizaane. Ukizimeza kila siku, virusi vinapungua katika damu hadi kipimo hakivioni. Ndiyo maana unapimwa "wingi wa virusi," na ndiyo maana unapaswa kuuliza: kipimo changu kimesema nini? Usiridhike na kuambiwa "uko sawa." Uliza namba. Mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na mama aliyekuwa na dawa tangu kabla ya kushika mimba, virusi vyake vikawa vimetulia hivyo, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka hadi chini ya mmoja katika 100.

Mtoto atapewa dawa yake ya maji ya kumkinga. Atanyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, na bila yale maziwa ya ng'ombe ambayo bibi humpa kwa kijiko mama akienda kazini. Hilo nalisema kwa bibi. Kisha ataanza chakula huku akiendelea kunyonya, hata hadi miaka miwili, mradi mama asikose dawa. Atapimwa akiwa na wiki 6, miezi 6 na miezi 12, halafu kipimo cha kumaliza shaka akiwa na miezi 18 au baada ya kuacha ziwa. Tarehe hizo zimo katika kijitabu cha mama na mtoto. Kitunze kama unavyotunza kitambulisho.

Kwa hiyo mavyaa, "awe wa mwisho" inaweza kuwa shauri la kifamilia kama shauri jingine lolote, kwa sababu ya kodi ya nyumba au karo. Lakini virusi si sababu tena. Na hata likiwa shauri, mwenye kuamua ni yeye na mumewe.

Sasa lile neno la mhudumu, "tutakufunga kabisa." Nataka tukae hapa kidogo.

Kufungwa uzazi ni upasuaji ambao mirija miwili inayopitisha mayai kwenda kwenye mji wa mimba hufungwa au kukatwa. Ni njia nzuri kabisa ya kupanga uzazi kwa mama anayeitaka. Kuna akina mama waliochagua njia hiyo na wanashukuru hadi leo. Lakini haifunguki kama kitasa. Kuirudisha ni upasuaji mwingine mgumu, wa gharama kubwa, na mara nyingi haufaulu. Ndiyo sababu ridhaa yake inatakiwa iwe ridhaa ya kweli.

Mwaka 2012 ripoti ilitolewa hapa Kenya iliyokusanya maelezo ya wanawake 40 wenye virusi waliosema walifungwa uzazi bila kukubali, au walikubalishwa kwa vitisho. Wengine walieleza kwamba waliambiwa wasipokubali hawatapata maziwa ya mtoto na chakula cha msaada. Wengine hawakujua kabisa. Mwaka 2014 baadhi ya wanawake walifika Mahakama Kuu Nairobi kudai haki zao. Mmoja wao, anayetajwa mahakamani kwa herufi tu, alijifungua kwa upasuaji, akalea, na miaka baadaye alipokuwa akitafuta mtoto mwingine ndipo akapata kujua kwamba mirija yake ilikuwa imefungwa. Kesi ilichukua miaka minane. Desemba 2022 mahakama ilimpa haki: kumfunga mama uzazi bila ridhaa yake ni kuvunja haki alizopewa na Katiba.

Utasema, lakini mimi nitawekewa karatasi nitie sahihi, na nikishatia nimekwisha. Sikiliza kisa cha Namibia. Kule wanawake watatu wenye virusi walifungwa uzazi, na hospitali zilikuwa na karatasi zenye sahihi zao. Lakini sahihi zilitiwa wakati mama yuko katika uchungu wa kuzaa, au hakuelezwa kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema hiyo si ridhaa, na 2014 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi nalo lilisema 2011 kwamba mama asiombwe ridhaa ya kufungwa uzazi wakati wa uchungu, na kwamba matibabu mengine yasiwekewe sharti hilo.

Ridhaa ya kweli, basi, ni kwamba umeelezwa kwa Kiswahili, au kwa lugha yako, kitu gani kitafanywa. Umeambiwa ni cha kudumu. Umeambiwa kuna njia nyingine, za muda. Umepewa nafasi ya kwenda nyumbani kufikiri. Hakuna aliyekuahidi maziwa wala kukutishia dawa. Na unajua unaweza kubadilisha nia hata siku yenyewe, hata umeshalala kitandani. Nami naongeza hili, kwa sababu katika mji wetu huulizwa sana: sheria haidai sahihi ya mume ili mwanamke mtu mzima afungwe uzazi kwa hiari yake. Mume wala mavyaa hawezi kutia sahihi ufungwe wewe ukiwa hutaki.

Dada yangu wa Shimanzi, una miezi minne mbele yako. Usingoje siku ya uchungu. Katika kliniki inayofuata sema wazi: "Mimi sitaki kufungwa uzazi. Naomba iandikwe." Iandikwe katika faili na katika kijitabu chako. Ukiweza, nenda na mtu unayemwamini, dada yako au rafiki, na siku ya kujifungua awe ndiye anayekusindikiza. Ukiletewa karatasi, sema asomewe yeye pia. Na kama unajifungua kwa upasuaji, uliza kabla ya kutia sahihi: "Hii ni ya upasuaji wa mtoto peke yake?" Swali hilo moja lingewaokoa wengi. Jua pia kwamba virusi peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mama ambaye virusi vyake vimetulia anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida.

Sasa kama hutaki kufungwa, wala hutaki mimba ya haraka, zipo njia. Kuna sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, koili, vidonge na kondomu. Mwenye virusi anaruhusiwa kuzitumia. Mwambie mhudumu dawa zote unazomeza, kwa sababu kuna dawa zinazogombana. Efavirenz, ambayo wengi walikuwa wakiitumia, hupunguza nguvu ya kijiti, na akina mama wengine walishika mimba wakidhani wamejikinga. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampicin nayo huleta shida ya namna hiyo. Dawa ya dolutegravir, ambayo ndiyo wengi wanaimeza siku hizi, haina tatizo hilo.

Na hiyo dolutegravir ina kisa chake. Mei 2018 habari zilitoka Botswana kwamba watoto wanne wa akina mama waliokuwa wakiimeza tangu kushika mimba walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Nchi kadhaa, Kenya miongoni mwao, zikaamua kwamba mwanamke wa umri wa kuzaa asipewe dawa hiyo ila akiwa anatumia njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Wanaume wakaendelea kupata dawa bora, wanawake wakabakizwa na ya zamani yenye kizunguzungu na ndoto mbaya. Julai mwaka huo wanawake 39 wenye virusi kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali wakasema: tuelezeni hatari ni ipi, halafu tuamue wenyewe. Ushahidi ulipoongezeka hatari ikaonekana kuwa ndogo sana kuliko ilivyohofiwa, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wanawake pia, wakiwemo wa umri wa kuzaa. Baadaye tofauti yenyewe ikaonekana haipo. Kama wale wanawake wangenyamaza, sijui tungengoja hadi lini.

Kuna suala la kichupa chini ya mto. Akina mama wengi huhamisha vidonge kwenye mkebe mwingine ili visijulikane kwa jina, na kuweka pamba ili visilie ukitembea. Si vibaya, lakini muulize mhudumu kwanza, maana vidonge havitaki unyevu, na hewa yetu ya Mombasa ni ya chumvi na joto. Ile pakiti ndogo ya kukausha iliyomo ndani usiitupe. Na tangu mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo vingi vimeanza kuwahudumia wenye virusi pamoja na wagonjwa wengine. Wapo waliofurahi, kwa sababu hakuna tena mlango unaojulikana na kila mtu. Wapo wanaohofia kwamba daftari litaachwa wazi mezani. Ukiona mazungumzo yako yanasikika na watu wengine, una haki ya kusema: "Naomba tuongelee mahali pa faragha."

Na ukivunjiwa haki? Anza na msimamizi wa kituo, na peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala. Ikiwa ni suala la kupimwa bila ridhaa, kutolewa siri au kubaguliwa kwa ajili ya virusi, kuna baraza maalumu lililoundwa na ile sheria ya 2006, linaitwa HIV and AIDS Tribunal, ambalo husikiliza malalamiko hayo na linaweza kuamuru ulipwe fidia. Katiba ya 2010 yenyewe, katika kifungu cha 43, inataja huduma za afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu, na inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ikiwa umepigwa au umelazimishwa tendo la ndoa na mtu yeyote, nenda hospitali kabla ya kuoga. Dawa ya kukinga virusi kwa asiye navyo lazima ianzwe kabla ya saa 72, na ya kuzuia mimba kabla ya siku tano. Hospitali Kuu ya Pwani, ile wazee wetu waliyoizoea kwa jina la Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Namba ya msaada ya 1195 haitozi pesa.

Mama yetu ameongeza swali la mwisho chini kabisa ya ujumbe wake, kwa maneno machache, kama anayeona haya: "Na nikitaka wa tatu?"

Mnyonyeshe huyu anayekuja, umeze dawa zako, mpumzike miaka miwili au zaidi. Ukiwa tayari, nenda umwambie mhudumu kwamba unataka mimba, kabla hujaitafuta. Atakupima wingi wa virusi. Vikiwa havionekani, utaambiwa uendelee, kama mama mwingine yeyote. Na mumeo akiwa amepimwa na hana virusi, mtafundishwa pia jinsi ya kumkinga yeye.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya damu nyingi baada ya kujifungua na dalili ambazo hazifai kungoja asubuhi. Kwaheri kwa sasa.